Ushauri: Mama mkimbizi amekataliwa kuandikishwa kwa GP (daktari wa mtaa), nimsaidieje?

Binti Muheza: Habari za majukumu wakuu. Niko Leeds, Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee. Kuna mama wa Kikongo, ametokea Uvira, tunasali naye. Ameomba hifadhi na bado anasubiri majibu ya Home Office, wizara inayoshughulikia uhamiaji. Ana presha. Dawa alizokuja nazo zimekwisha, na Jumapili alishikwa na kizunguzungu tukamkalisha chini na kumpepea.

Alikwenda kuandikishwa kwa GP wa jirani. Mapokezi wakamtaka alete pasipoti na bili ya umeme yenye jina lake. Pasipoti yake iko Home Office, na bili ataitoa wapi wakati nyumba amewekwa tu? Aliyekuwa akimtafsiria ni mwanawe wa miaka 11. Mtoto aliposikia hapana akamwambia mama yake twende zetu. Tangu siku ile mama hataki kusikia habari za GP, anasema akisumbua watu watamharibia kesi.

Je, ana haki au hana? Nimsindikize nikamtafsirie mimi? Na dawa atalipaje?

Nesi wa Kisii: Pole zake. Presha isingoje kuandikishwa. Apige 111, simu ya ushauri wa afya, leo hii, ni bure, na akitaja Kiswahili watamuunganisha na mkalimani. Kichwa kikimuuma vibaya ghafla, kifua kikibana, au upande mmoja wa mwili ukilegea, hiyo ni 999, simu ya dharura. Matibabu ya idara ya dharura hospitalini, yaani A&E ni bure kwa kila mtu.

Haki anayo. Hapa England mtu yeyote anaandikishwa kwa GP bure, awe na karatasi za uhamiaji au asiwe nazo. Mwongozo wa NHS, huduma ya afya ya serikali, unasema wazi kwamba kukosa kitambulisho au uthibitisho wa anwani si sababu ya kumkataa mtu. Wanaweza kukataa kama anaishi nje ya eneo lao, au orodha yao imefungwa kwa utaratibu, na hapo wanatakiwa kumpa sababu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Mkifika msigombane. Semeni kwa upole: tunaomba sababu hiyo kwa maandishi. Nimekaa nyuma ya kaunta hizo. Mara nyingi wa mapokezi hana roho mbaya, anafuata alivyoelekezwa na aliyemtangulia. Akisikia maandishi, anamwita meneja, na meneja anaujua mwongozo.

Baba Uvira: Aksanti sana dada kwa kumshika mkono mama yetu. Ule woga sisi wote tuliupitia. Kule kwetu ukishaacha jina lako kwenye ofisi ya serikali hujui litaishia wapi, na mtu havui woga huo siku anayoshuka ndege. Mwambie daktari si Home Office. Kutibiwa hakuharibu kesi. Mimi nilitibiwa kesi ikiwa mezani, na hifadhi nikapata.

Wakiendelea kumkatalia, tafuteni shirika la kusaidia wakimbizi.  Shirika la madaktari la Doctors of the World lilianzisha mpango unaoitwa Safe Surgeries, kliniki zilizoahidi kutomfukuza mtu kwa sababu ya karatasi. Ulizeni kama ipo ya karibu nanyi.

Mkalimani Sheffield: Dada, nakuomba usimtafsirie wewe, na yule mtoto ndiyo kabisa asirudishwe tena kwenye kazi hiyo. Mama aliyetoka Kivu Kusini, mkoa ulimo Uvira, anaweza kuwa amebeba mambo ya vita mwilini mwake. Hatayasema mbele ya mtu anayekutana naye kanisani kila Jumapili, sembuse mbele ya mwanawe. Ataishia kusema kichwa kinauma, na daktari ataandika dawa ya kichwa.

Mkalimani anatafutwa na kliniki yenyewe, mgonjwa halipi kitu, na tumefungwa na siri. Mnapoweka miadi ombeni iwe ndefu, maana kila neno linapita mara mbili. Tajeni Kiswahili cha Kongo, au Kifuliiru, lugha ya huko Uvira, kama ndicho kinachomtoka vizuri. Akitaka mwanamke aseme. Asipotaka mtu wa jamii fulani aseme pia, wala asione haya, tunaelewa yaliyotokea kule.

Wewe msindikize, kaa naye kwenye viti vya kusubiri. Akiitwa, mwache aingie.

Mzee wa Pangani: Swali kwa nesi. Akinyimwa hifadhi mwishoni si ataletewa bili?

Nesi wa Kisii: Wakati ombi au rufaa inaendelea, halipi hospitali. Akikataliwa moja kwa moja, GP inabaki bure, na A&E vilevile. TB na HIV hutibiwa bure. Ila hospitali za England zinaweza kumtoza kwa matibabu mengine, na tangu 2017 yale yasiyo ya haraka hudaiwa kabla, isipokuwa kama bado anapata msaada fulani wa Home Office. Scotland na Wales hawamtozi. Kwangu mimi sheria hii ni ya kikatili, lakini ndiyo iliyopo, na isimzuie kwenda leo.

Kuhusu dawa: mwaka 2024 kila dawa moja ilikuwa pauni 9.90, na posho ya mwomba hifadhi anayejipikia ilikuwa pauni 49.18 kwa wiki, ndiyo maana nasema asilipe. Anayepata msaada wa Home Office hupewa cheti cha HC2: dawa bure, meno bure, kupimwa macho bure. Kama hakikumfikia awapigie Migrant Help, shirika la kusaidia waomba hifadhi. Ikibidi alipe kabla hakijafika, aombe famasi risiti ya FP57 palepale anapolipa, baadaye hawatoi. Kwa risiti hiyo atarudishiwa hela.

Na watoto waandikishwe siku hiyohiyo, chanjo zao ziangaliwe.

Binti Muheza: Mungu awabariki. 111 tumepiga jana, daktari akamwandikia dawa za kumvusha. Kwa GP tunakwenda Jumatatu, amekubali. Ila ameuliza kitu kimoja: mkalimani anaweza kuwa wa kwenye simu, asiyemwona sura?

Mkalimani Sheffield: Anaweza, na wengi huomba hivyo. Mkiweka miadi waambieni waandike "kwa simu". Kama hataki jina lake lisikike, amwambie daktari kabla simu haijapigwa, asilitaje.