Naomba ushauri: mama mkwe anakuja Nairobi, tumpeleke tukale wapi?

Habari zenu wapendwa. Mama mkwe anafika Jumamosi kutoka Kilifi, na watoto wameshikilia twende kwenye mgahawa wa piza wenye matawi kila mtaa. Mimi sina hamu. Tawi letu piza huja imepoa, jibini kiduchu, na bei haipoi. (Hawa wa matawi mengi wana vituko: Januari 2022 KFC hapa Kenya waliishiwa chipsi kwa kuwa viazi vyao vilitoka ng'ambo, na Nyandarua viazi vimejaa!)

Nimewaza Kenyatta Market. Nyama choma inakatwa mbele yako ubaoni, ugali wa moto, kachumbari yenye pilipili. Ila moshi ule, na mama ana pumu. Eastleigh wali na nyama ya ngamia ni mtamu, lakini kuegesha gari ni vita. Kupika mwenyewe naogopa. Wali wake wa nazi hauna mpinzani.

Naomba kujua: kuna hoteli ndogo tulivu yenye chakula cha Pwani karibu na South B? Na mpishi akija nyumbani, pilau ya watu kumi ni kama pesa ngapi?