Naomba ushauri: nibaki na kipindi Lubumbashi au niende Kinshasa kusoma?

Jambo wakubwa na wadogo. Niko Lubumbashi, komini ya Katuba, nafanya kazi kwenye televisheni moja ya hapa. Nilianza na kamera, sasa naongoza kipindi cha muziki na vichekesho kinachorushwa moja kwa moja Jumamosi. Kukaa rejii, chumba cha kuongozea picha, kumwambia wa kamera ya pili ajiandae, kukata picha iende kwa mpiga gitaa solo inapoanza tu, kujua lini nimrudie mtangazaji wakati mchekeshaji anazidisha dakika: kazi hii naipenda sana, jamani.

Sasa bosi anataka niwe prodyuseri pia: nitafute wadhamini, niite wageni, nishike bajeti. Upande mwingine, baba mkubwa yuko tayari kunilipia chuo cha sanaa, Institut National des Arts, kule Kinshasa. RTNC, redio na televisheni ya taifa, ina makao makuu huko, na wanamuziki wengi wakubwa wako huko. Lakini nikipanda ndege, kipindi anapewa mwingine.

Kinachonisumbua zaidi ni kofia mbili. Mdhamini akitaka tangazo likatize wimbo, realizateri (mwongozaji wa kipindi) anakataa, prodyuseri anahitaji zile pesa. Nani atanisaidia kuamua, na mimi ndiye wote wawili?

Waliopitia kazi hii, naomba mniambie: mkataba utaje nini kuhusu haki ya kipindi nilichokibuni mwenyewe? Na kwa mtu ambaye tayari yuko rejii, shule inamwongezea nini hasa? Baba mkubwa anasubiri jibu kabla masomo hayajafunguliwa.