Mrejesho: kile kipimo cha tezi dume nimeshafanya

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kama utrasaundi ya tezi dume inauma na kama ni kweli kifaa wanakipitishia nyuma, yaani njia ya haja kubwa. Nimefanya juzi. Ni kweli wanapitishia nyuma, ipo na ya juu ya tumbo ambayo unakunywa maji mpaka kibofu kijae ila mi daktari alitaka ya ndani maana tezi inaonekana vizuri zaidi. Unalala ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja kuelekea kifuani, kifaa chenyewe kinene kama kidole hivi, kimevalishwa kondomu na kupakwa jeli, kinabana na unajisikia kama choo kimekushika lakini maumivu hapana, dakika 10 tu nikavaa suruali. Aibu ndo ilinitesa kuliko kifaa.

Tezi imekutwa na ukubwa wa mililita 48, yaani imekua. Nilidhani picha ndo inasema kansa au siyo kansa, kumbe haithibitishi, mpaka wachukue vinyama, yaani vipande vidogo vya tezi, wakapime maabara. Mi bado, PSA (kile kipimo cha damu cha tezi dume) inarudiwa kwanza. Ila kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda sema mapema, hasa kama utachukuliwa vinyama. Na wewe uliyenitisha kwamba nitalazwa wiki nzima, nakusalimia tu 😂