Kwa nini Shiv aligeuka dakika ya mwisho katika Succession?

Swali:
Habari zenu, ndugu zangu. Nimemaliza kutazama misimu yote minne ya Succession, tamthilia ya kituo cha televisheni cha Marekani, HBO, iliyorushwa kuanzia 2018 hadi Mei 2023, na kuna jambo ambalo limekataa kunitoka. Katika sehemu ya mwisho, kura za bodi ya kampuni zimefungana 6 kwa 6, na Kendall anahitaji kura ya dada yake, Shiv, tu ili kampuni ya marehemu baba yao, Logan, isiuzwe kwa tajiri wa teknolojia Matsson. Muda mfupi kabla ya hapo, ndugu hao wawili pamoja na kaka yao Roman walikuwa jikoni kwa mama yao usiku, wakimkorogea Kendall kinywaji cha kuchukiza na kucheka kama watoto. Kisha Shiv anainuka mezani na kutoka. Je, ni wivu tu?

Jibu la kwanza:
Ndugu muulizaji, rudia kile chumba cha vioo ambamo ndugu hao wanagombana baada ya Shiv kutoka mezani. Shiv anamkumbusha kaka yake kuhusu yule mhudumu aliyekufa maji usiku wa harusi ya Shiv, katika msimu wa kwanza, gari la Kendall lilipotumbukia. Kendall alikuwa ameungama kwa wadogo zake huku akilia, lakini sasa, kwa kuwa kiti cha uongozi kiko mbele yake, anakana kwamba jambo hilo lilitokea. Halafu anadai haki ya mtoto mkubwa wa kiume, ilhali Connor, kifungua mimba wa mzee Logan kwa mke mwingine, yuko hai na hakuna anayemhesabu! Mimi ningekuwa Shiv, ningetoka pia.

Jibu la pili:
Naheshimu maoni hayo, ila tusimfanye Shiv malaika. Matsson alimwahidi uongozi, kisha akampa Tom, mumewe, na mtoto wa Tom yumo tumboni mwake. Kura yake ilimpa kiti mume badala ya kaka. Mtazame garini mwishoni: Tom ananyoosha kiganja, naye anaweka mkono wake juu yake bila kukishika.

Jibu la tatu:
Nadhani nyote wawili mnawatazama watoto, wakati kiini ni baba. Logan aliacha karatasi yenye jina la Kendall lenye mstari wa kalamu, na hakuna anayejua kama alilipigia mstari kulisisitiza au alilikata. Hiyo ndiyo dhihaka kali kuliko zote ambazo Jesse Armstrong, mwandishi Mwingereza aliyewahi kuandika mswada wa filamu kuhusu familia ya Murdoch, wamiliki wa vyombo vya habari, aliiweka katika kazi hii: mtu anayemiliki vyombo vya habari hakuweza kuandika neno moja lililo wazi kwa wanawe. Hata anapofariki ndani ya ndege, wanazungumza naye kwa simu ambayo Tom anaishikilia sikioni mwa Logan, kila mmoja akitafuta la kusema bila kujua kama anasikia.

Kwa mujibu wa taarifa za gazeti la New York Times kuhusu kesi ya familia ya Murdoch huko Nevada, sehemu hiyo hiyo ndiyo iliyowafanya baadhi ya watoto wa Rupert Murdoch waanze kujadiliana jinsi watakavyotangaza kifo cha baba yao siku itakapofika. Walijiona humo. Shiv naye, katika kile chumba cha vioo, alimwona Logan akirudi katika umbo la Kendall, na ndiyo maana nasema hakuwa anampigia kura kaka yake.