Namna ya kumwomba mwenye nyumba apunguze kodi mkataba unapokaribia kwisha

Mpangaji wa Miaka Minne

Ndugu zangu, ninaomba ushauri katika jambo ambalo nimekuwa nikiliahirisha kwa wiki kadhaa. Nimepanga nyumba ya vyumba viwili kwa miaka minne, na katika muda wote huo sijachelewesha kodi hata mwezi mmoja. Ninalo daftari ambamo mzee mwenye nyumba hutia saini kila ninapomlipa, na hakuna ukurasa wenye pengo. Hata hivyo, mwajiri wangu ametupunguzia saa za kazi, na kodi ambayo awali ilichukua theluthi ya mapato yangu sasa inakaribia kumeza nusu yake. Mkataba utakwisha baada ya miezi miwili, na mzee amekwisha kuniuliza kama nitaendelea.

Kuna mambo mengine mawili ambayo huenda yakanisaidia, au yakaniharibia nikiyasema vibaya. La kwanza ni ukuta wa chumba cha nyuma, unaopandisha unyevu kutoka chini. Kila ninapoona umepanda huwa ninachora mstari wa penseli na kuandika tarehe pembeni. Mstari wa kwanza ulikuwa chini ya soketi, na wa nne umekwisha kuipita. Nilimweleza mzee kwa mdomo mara mbili, akamleta fundi aliyepaka rangi, na rangi hiyo ikabanduka kabla mwezi haujaisha. La pili ni kwamba jirani yetu kuna nyumba mbili za ukubwa kama wa hii yangu ambazo zimekosa mpangaji kwa muda mrefu, hata vibao vyake vya "Inapangishwa" vimepauka kwa jua.

Nianze na lipi kati ya hayo matatu? Nizungumze naye ana kwa ana au nimwandikie barua? Na niombe kiasi gani, ikiwa nataka kuendelea kuishi hapa na kusalimiana naye vizuri kama zamani?

Mwenye Vyumba Vitatu

Ndugu, mimi niko upande wa pili wa meza, kwa kuwa ninapangisha vyumba vitatu, na nitakueleza hesabu inayopita kichwani mwangu mpangaji anapokuja na ombi kama lako.

Chukulia kwamba kodi ni 100 kwa mwezi, yaani 1,200 kwa mwaka. Ukiniomba nipunguze asilimia 10 nitapokea 1,080, kwa hiyo nitakuwa nimepoteza 120. Nikikukatalia nawe ukahama, na nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja kabla ya kupata mtu wa kulipa kodi ileile, nitapoteza 100, nikiongeza rangi, kitasa kipya na ujira wa dalali. Hapo tunakaribia kuwa sawa, na mwenye nyumba mwenye busara atachagua mtu anayemjua. Nyumba ikikaa tupu miezi miwili, hasara ni 200 kabla ya gharama hizo nyingine, na kukukatalia kunakuwa ujinga. Lakini ukija kuniomba asilimia 30, unanitaka nipoteze 360, ambayo ni zaidi ya miezi mitatu na nusu ya nyumba kukaa bila mtu. Afadhali nikuage kwa amani.

Kwa sababu hiyo, vile vibao vilivyopauka ndivyo hoja yako kubwa kuliko zote, ingawa si kwa namna ambayo wapangaji wengi huitumia. Wengi huja wakisema, "Kule wanatoza pungufu." Kodi inayotajwa kwenye nyumba isiyo na mtu ni bei ambayo hakuna aliyeikubali, kwa hiyo hainitikisi. Kinachonitikisa ni muda ambao kibao kimekaa, kwa maana kinanionyesha nyumba yangu mwenyewe itakavyokaa ukishaondoka. Mwambie mzee tu kwamba nyumba ile imekuwa tupu tangu mwezi fulani, kisha nyamaza. Hesabu ataifanya mwenyewe akiwa kitandani.

Shida ya kazini itaje kwa sentensi moja, kwa ukweli, wala usiifanye ndiyo nguzo ya ombi. Mpangaji akinililia sana, nitamhurumia, lakini papo hapo nitaanza kujiuliza kama mwezi ujao ataweza kulipa hata hicho kilichopunguzwa. Daftari lako lina uzito kuliko machozi. Nenda nalo mkononi. Mimi ningeomba asilimia 15 nikitarajia kutoka na kati ya 8 na 10, na ningeambatanisha na ombi hilo kitu ambacho mzee anakitaka: mkataba wa miaka miwili badala ya mmoja, au kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo kama unaimudu. Wengi wetu tuna marejesho ya mkopo wenye tarehe, na fedha iliyofika mapema ina thamani kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Sitaki Kuonewa

Mnamfundisha kupiga magoti bure. Ukuta unavuja, mwenye nyumba amepaka rangi juu ya unyevu, basi mpangaji akate kiasi chake kila mwezi mpaka ukuta utengenezwe. Atakayekuja kulalamika aonyeshwe ile mistari ya penseli.

Karani Mstaafu

Nimewahi kuandika na kuhifadhi mikataba ya pango kwa miaka mingi, na ninamwomba muuliza swali asifuate shauri hili la mwisho kabla hajajua sheria ya mahali alipo. Ni kweli kwamba ziko nchi ambazo mpangaji ana haki hiyo: Ujerumani, kifungu cha 536 cha sheria yake ya kiraia kinasema kwamba kodi hupungua kisheria pale kasoro inapopunguza matumizi ya nyumba, nacho kifungu cha 536c kinamtaka mpangaji atoe taarifa ya kasoro hiyo. Kwingineko, kukata kodi bila idhini ya maandishi au bila kufuata utaratibu uliowekwa huhesabiwa kuwa malimbikizo, na malimbikizo ndiyo sababu nyepesi kuliko zote ya kumtoa mtu ndani. Huyu mwenzetu ana miaka minne ya daftari safi. Kulitia doa kwa ajili ya ukuta ni kuuza ng'ombe kwa ajili ya kamba.

Ningemshauri atenganishe mambo mawili ambayo ameyafunga katika kifurushi kimoja. Ukuta ni matengenezo, na matengenezo ni wajibu ambao hauhitaji kubembelezwa wala kubadilishwa na punguzo. Ukisema, "Nipunguzie kwa sababu ukuta una unyevu," mzee anaweza kukubali, kisha akadai miaka miwili baadaye kwamba ulikwisha kulipwa kwa ule unyevu, nawe utalala nao. Kwa hiyo andika barua mbili, hata kama utazipeleka siku moja. Ya ukuta iwe na tarehe ulizotoa taarifa kwa mdomo na picha ya mistari, kwa kuwa hadi sasa huna ushahidi wowote kwamba ulimwambia. Na kabla hujaiandika, funga koki zote usiku, soma mita ya maji, uisome tena asubuhi. Ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja mahali fulani, na ukuta huo utapona kwa fundi bomba kabla ya fundi rangi.

Kuhusu kuzungumza au kuandika, fanya vyote, kwa mpangilio huu: kwanza nenda ukazungumze naye, ili barua isimfikie kama notisi ya vita, kisha mwandikie kile mlichozungumza. Usipitie kwa dalali, maana ujira wake hutoka kwa wapangaji wanaohama na kuhamia.

Mpangaji wa Miaka Minne

Ninawashukuru nyote, hata aliyenitaka nigome, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuliwaza jambo hilo. Mita haikusogea hata tarakimu moja, kwa hiyo inaelekea maji yanatoka ardhini. Barua ya ukuta nimeimaliza. Ya kodi imenitoa jasho, na sehemu yake kuu inasomeka hivi:

"Kutokana na kupungua kwa mapato yangu, ninaomba kwa sasa niwe ninalipa asilimia 85 ya kodi hadi hali itakapotengemaa. Nimeishi katika nyumba yako kwa miaka minne bila kuchelewesha kodi, na niko tayari kusaini mkataba wa miaka miwili."

Je, inatosha kumpelekea?

Karani Mstaafu

Haitoshi, na hatari iko katika yale maneno mawili madogo, "kwa sasa". Mtu akisema analipa asilimia 85 kwa sasa, msomaji yeyote, pamoja na hakimu, anaweza kuelewa kwamba ile 15 iliyobaki atailipa baadaye. Huko ni kuahirisha kodi, wala si kuipunguza, na tofauti yake huonekana siku ya kuhama, wakati mwenye nyumba anapofungua mahesabu na kukuta miezi 24 yenye upungufu, kisha akaishika amana yako yote. Nimeona watu waliokuwa marafiki wakiacha kusalimiana kwa jambo hilo, na kila mmoja wao alikuwa akisema kweli jinsi alivyoelewa.

"Hadi hali itakapotengemaa" nayo ina kasoro yake. Hali ya nani, na nani atasema kwamba imetengemaa? Weka mwezi wa kuanza na mwezi wa kuisha. Kisha utaje kodi ya mkataba kuwa ni ipi, kwa sababu nyongeza za siku za usoni hupigwa juu ya tarakimu hiyo, na mzee atataka kujua kama unaishusha moja kwa moja au unaomba nafuu ya muda tu. Wengi hukubali ya pili kwa urahisi zaidi.

Mimi ningeandika hivi: "Ninaomba kwamba kwa miezi 12 kuanzia siku ya kuhuishwa kwa mkataba, kodi niliyo na wajibu wa kuilipa iwe asilimia 85 ya kodi iliyotajwa katika mkataba, na kwamba kiasi kilichopunguzwa kisihesabiwe kuwa deni wala kukatwa katika amana. Baada ya miezi hiyo, kodi itarudi kama ilivyotajwa." Halafu mapato yako yahamie chini, na miaka yako minne ipande juu. Barua isomwe kama ya mtu anayeleta biashara nzuri, ambaye pia amepatwa na jambo.

Mwenye Vyumba Vitatu

Ninaongeza moja tu. Akikataa kupunguza kila mwezi, mwombe mwezi mmoja usio na kodi. Kwa mkataba wa mwaka ni zaidi kidogo ya asilimia 8, yaani karibu kilekile, lakini sisi wenye nyumba tunaupenda zaidi kwa sababu tarakimu iliyo kwenye mkataba haishuki, na mpangaji wa chumba cha pili akiuliza ninaweza kumjibu bila kudanganya kwamba kodi ni ileile. Na tafadhali, jambo hilo libaki kati yenu. Nikisikia limefika kwa majirani, mwakani sitakumbuka kwamba tuliwahi kuzungumza.

Mpangaji wa Miaka Minne

Nimerudi na majibu. Nilimkuta mzee akiwa na nafasi, nikamweleza kwa mdomo, kisha nikamwachia barua zote mbili. Asilimia 15 aliikataa hapohapo, tena kwa kicheko. Niliponyamaza baada ya kutaja nyumba zilizo tupu, alinyamaza naye, akaanza kufungua daftari langu ukurasa mmoja baada ya mwingine kana kwamba hajawahi kuliona. Jana ameniita. Anakubali mkataba wa miaka miwili, na katika kila mwaka mwezi mmoja hautakuwa na kodi, lakini anataka mwezi huo uwe wa 12.

Karani Mstaafu

Hongera, umepata karibu kila ambacho ungeweza kukipata. Ila mwezi wa 12 unamlinda yeye peke yake: ikitokea ukahamishwa kazi mwezi wa 10, utakuwa umelipa kodi kamili na nafuu hukuiona. Mwezi wa kwanza nao ungemtia yeye wasiwasi kwamba utaula kisha uondoke. Mwombe mwezi wa sita, na uandikwe kwa jina la mwezi na mwaka wake, si "mwezi wa sita wa mkataba", maana kuna watakaohesabu kuanzia kusaini na watakaohesabu kuanzia kulipa.

Mpangaji wa Miaka Minne

Amekubali. Ameiandika miezi yote miwili kwa mkono wake pembeni ya kifungu cha kodi, akatia saini mbele ya binti yake, nami nikatia yangu, na kila mmoja amebaki na nakala. Kuhusu ukuta, fundi aliyekuja safari hii hakubeba rangi. Amebandua plasta yote ya chini hadi juu ya mstari wangu wa nne, na anasema matofali yaachwe yakauke kwanza kabla hajaweka kizuizi cha maji na kupiga plasta upya. Mzee alikuja kuangalia kazi, akaniuliza zile tarehe za penseli nilikuwa ninazitunzia nini.

Mwenye Vyumba Vitatu

Ulimjibuje?

Mpangaji wa Miaka Minne

Nilimwambia ni mazoea ya daftari.