Subaru WRX mjini Lubumbashi: je, matairi ya baridi kutoka Ulaya yanafaa msimu wa mvua?

MwanaKampemba

Ndugu zangu, salamu kutoka Kampemba. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, ya gia za mkono, yenye rimu za inchi 17 na matairi ya 215/45R17 (yaani upana wa milimita 215, ubavu wenye urefu wa asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17). Wakati wa kiangazi gari hili linakwenda vizuri sana. Mvua zikishaanza, hasa kwenye barabara ya Kasumbalesa ambako malori ya shaba yamebonyeza lami na maji yanatuama katika mikondo ya magurudumu, usukani unakuwa mwepesi mikononi kana kwamba gari limeacha kugusa ardhi. Tena mashimo yanafichwa na maji, na ubavu wa tairi ni mwembamba mno kuilinda rimu.

Nimeamua kununua seti ya pili ya rimu na matairi, nitakayoifunga kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mvua zitakapokatika. Muuzaji mmoja wa matairi yaliyotumika amenionyesha manne kutoka Ulaya, ya 205/55R16, yenye mchoro wa mlima na chembe ya theluji ubavuni, pamoja na herufi M+S (matope na theluji). Meno yake bado yana milimita 6. Anasema kwamba tairi linaloshika theluji haliwezi kushindwa na mvua yetu. Je, ni kweli kwa gari lenye nguvu kama hili? Na rimu za inchi 16 nizichagueje, ikiwa nyingi zinazouzwa hapa zilitoka kwenye Toyota?

DadaWaLiège

Kaka, jambo. Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi na kwa sasa ninaishi Ubelgiji, ambako kila mwaka ninafunga matairi ya baridi na kuyafungua majira yakibadilika. Ninakuomba usiyanunue hayo, na nitakueleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa muuzaji wako ametazama meno tu, akausahau mpira wenyewe.

Tairi la baridi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa mpira unaobaki laini hata barabara ikiwa baridi sana. Huku Ulaya watu huchukua nyuzijoto 7 kuwa mpaka: chini ya hapo mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa na kupoteza mshiko, na juu ya hapo mpira wa tairi la baridi huwa laini kupita kiasi. Sasa fikiria hali ya hewa ya nyumbani. Baridi yetu inakuja mwezi wa Juni na Julai, alfajiri, wakati ambapo hakuna hata tone la mvua; mvua nayo inakuja Novemba hadi Machi, wakati ambapo hewa ina joto na lami imepikwa na jua la asubuhi kabla ya wingu la alasiri kumwaga. Hakuna mwezi hata mmoja ambapo maji na baridi ya namna hiyo vinakutana Lubumbashi, kwa hiyo hakuna mwezi ambao tairi hilo lilitengenezewa.

Ukilitazama kwa karibu, utaona kwamba kila jino limechanjwa michanjo mingi myembamba kama ya wembe. Kwenye theluji michanjo hiyo inafunguka na kuuma. Kwenye lami yenye joto, jino lililochanjwa hivyo linalala upande kila unapokata kona au kukanyaga breki kwa nguvu, na gari la nguvu kama lako ndilo linalolilaza zaidi. Matokeo yake ni usukani unaochelewa kuitika, breki inayohitaji umbali mrefu zaidi hata kwenye lami iliyolowa, na meno yanayoliwa haraka.

Hizo milimita 6 nazo zisikudanganye. Tairi jipya huwa na milimita 8 hivi, na huku tunashauriwa kuacha kutumia la baridi likifika milimita 4, ingawa sheria inaruhusu hadi 1.6. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3819 maana yake ni wiki ya 38 ya mwaka 2019. Likunje jino kwa kidole gumba utazame ndani ya michanjo. Ukiona nyufa ndogo chini kabisa, mpira umekwisha kukauka hata kama juu unang'aa. Na baada ya namba ya uzito kuna herufi ya kasi: T ni 190 km/h, H ni 210, V ni 240. Mengi ya baridi ya ukubwa huo ni T au H. Sisemi kwamba utakimbia hivyo; nasema kwamba herufi hiyo inakuonyesha tairi linavumilia joto kiasi gani, na joto ndilo tulilo nalo.

FundiKamalondo

Mwanangu, dada yako amesema kweli kuhusu mpira. Mimi niongeze la rimu, kwa sababu wazo lako la kushuka hadi inchi 16 ni zuri sana na usiliache.

Tairi la 215/45R17 lina ubavu wa milimita 97, na la 205/55R16 lina 113. Kipenyo kizima kinatoka 625 kwenda 632, tofauti ya karibu asilimia moja, kwa hiyo kipimo cha kasi hakitaharibika. Umeongeza milimita 16 za mpira kati ya rimu na shimo, na tairi jembamba kidogo linapasua maji vizuri kuliko pana.

Kuhusu Toyota, kuwa mwangalifu. Ni kweli kwamba zipo rimu za Toyota zenye matundu matano kwenye duara la milimita 100, sawa na gari lako. Lakini tundu lake la katikati ni milimita 54.1, na kitovu cha Subaru ni 56.1, kwa hiyo haiingii. Kuna wanaoipeleka kwenye mashine ya kuchonga vyuma ili tundu lipanuliwe. Ikichongwa pembeni hata kidogo, usukani utatetemeka na hakuna kusawazisha kutakakoutibu. Rimu za Volkswagen za duara hilo hilo zina 57.1: hizo zinaingia, ila zinataka pete ya kuziba hiyo milimita moja. Tafuta kwanza za Subaru yenyewe. Angalia na namba ya ET iliyochorwa nyuma ya rimu, yaani milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye kitovu. Zako za asili ni 55. Ya 48 yenye upana uleule itatokeza nje kwa milimita 7, nayo inakubalika, lakini ya 35 itakusugulia ukingo wa bodi.

Kabla ya kulipa, ifunge rimu tupu mbele, bila tairi, uizungushe kwa mkono uone kama haigusi breki. Nati zako ni M12 (unene wa bolti, milimita 12) zenye milimita 1.25 kati ya uzi na uzi, za Toyota ni 1.5. Anayelazimisha ya Toyota kwa spana ndefu anaua nyuzi za bolti.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote: gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne. Matairi yote yawe ya aina moja na yawe yameliwa sawa, la sivyo difrensha ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, itafanya kazi bila kupumzika hata barabara ikinyooka, na itapata joto hadi ife. Tairi moja likipasuka msimu ukiwa katikati, usifunge lolote lililopo dukani ukaenda nalo Likasi.

MwanaKampemba

Asanteni sana, dada na mzee wangu. Matairi hayo ninayaacha. Je, herufi M+S peke yake, bila mchoro wa theluji, nayo niikimbie? Nyumbani kwangu nina kipande cha barabara ya udongo mwekundu kabla ya kufika kwenye lami.

MtuWaGoma

Ndugu, M+S peke yake usiiogope. Ni tamko la mtengenezaji kwamba umbo la meno linafaa matope na theluji, wala halithibitishwi kwa jaribio kama ule mchoro wa mlima. Ujerumani haiyahesabu tena matairi yenye M+S peke yake kuwa ya baridi tangu Oktoba 2024. Utayakuta yenye M+S na mpira mgumu wa kawaida, hasa kwenye magari yaliyoinuka juu, na huku Goma tunayapenda kwa sababu mawe ya volkano yanakata ubavu laini.

Ila kwa WRX, mimi ningenunua manne mapya ya kiangazi ya 205/55R16 91V, yenye mifereji mipana inayozunguka tairi zima, nikayajaza upepo kwa kipimo kilichobandikwa kwenye mlango wa dereva. Usipunguze upepo eti ili upate mshiko kwenye udongo, maana ukifika kwenye lami yenye maji, tairi lenye upepo kidogo huelea mapema zaidi. Hicho kipande cha udongo ukipite polepole kwa gia ya pili.

FundiKamalondo

Ninakubaliana naye. Na ukishafunga seti mpya, rudi uzikaze nati tena baada ya kilomita 50.