Ada ya madini inunue chanjo za watoto? Tujadiliane, watu wa Lubumbashi

Mtoto wa Katuba
Ndugu zangu, nina swali. Mwaka 2019 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu ya Kongo, wengi wao watoto wadogo. Mwezi wa saba mwaka uleule wakubwa walitia saini Tamko la Kinshasa, wakaahidi kwamba pesa ya chanjo itatoka katika bajeti ya serikali. BCG, ile ya kifua kikuu, na polio ya matone ni juu yetu wenyewe. Nyingine kama penta, ile sindano moja ya magonjwa matano, Gavi, mfuko wa kimataifa wa chanjo, inabeba sehemu kubwa, sisi tunachangia kidogo, UNICEF inaagiza. Kinshasa ikichelewa kulipa, shehena nayo inachelewa, na mama anarudi nyumbani na mtoto wake bila sindano. Tena mwezi wa sita 2025 Marekani ilitangaza haitaipa Gavi pesa tena.

Mimi nasema sehemu ya ada ya madini, ile ambayo migodi inailipa serikali, ikatwe palepale, kwa sheria, inunue chanjo kabla haijapita mezani kwa mtu. Sheria ya madini ya 2018 imeshagawa ile ada: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 wenyeji wa mahali mgodi ulipo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kizazi kijacho ni nani kama si mtoto wa miezi 9 anayengoja chanjo ya surua? Malori ya madini yanapita mbele yetu kila siku kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Mnasemaje?

Mwanasheria wa Kampemba
Wazo lina moyo, ila "kukatwa palepale" tumeshakuandika. Soma Katiba ya 2006, kifungu cha 175: asilimia 40 ya mapato ya taifa inayohusu mikoa ibakie mkoani kwenye chanzo. Iliheshimiwa lini? Ukiongeza sheria nyingine juu ya sheria isiyofuatwa, utapata karatasi mbili. Tena mkoa ukinunua peke yake utalipa bei ya juu, maana UNICEF inapata bei nafuu kwa sababu inanunulia nchi nyingi kwa pamoja. Na hata pesa yote ikifika salama, itaishia kwa wauguzi wanaouza kadi ya chanjo ambayo ni ya bure.

Muuguzi wa Ruashi
Papa Mwanasheria, mengine yote nimeyaacha, nakujibu neno la mwisho. Unajua kazi yetu? Kituoni kwetu wengi hawajamekanizwa, yaani hawako kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Hawana matrikule, namba ya mtumishi, hawana mshahara, wanakula kwa kile mgonjwa alicholeta. Kadi zikiisha tunapiga fotokopi kwa pesa ya mfukoni. Chanjo tunazifuata kwenye bureau central, ofisi ya zone ya afya, kwa motopikipiki, na mafuta hakuna anayelipa. Friji inatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8 usiku na mchana, na umeme wa SNEL mnaujua. Nani anaamka usiku kuangalia kipimajoto? Halafu unakuja kutuita wezi!

Mama wa Kisanga
Mi nitaongea, sababu njo miye nabebaka mtoto. Haina bongo, si uongo, banaombaka feza ya kadi. Ukifika bila feza banakuambia ukae nyuma, chanjo inaisha, urudie juma ingine. Mi nauzishaka mboga, siku moja bila soko ni siku bila bukari, ugali wetu. Muuguzi, sikukuita mwizi. Lakini mtoto wangu naye hana kosa.

Muuguzi wa Ruashi
Mama, pole. Anayekuweka nyuma anakosea, hilo silitetei. Sindano haina bei. Ninachosema ni kwamba serikali inatangaza "bure" Kinshasa, halafu sisi njo tunalipa hiyo bure huku.

Vié wa Kamalondo
Wakati wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, haya hayakuwepo. Mtoto alizaliwa kwenye hospitali ya kampuni, akachanjwa, akapewa unga. Hakuna aliyeomba franka ya kadi. Mnatafuta sheria mpya wakati dawa mnaijua: makampuni ya migodi yachunge watu kama zamani.

Kijana wa Golf
Vié, mzee wangu, kwa heshima zote, hiyo bustani ilikuwa na ukuta. Babu yangu alikuwa fundi cherehani hapo Katuba, hakuwa na namba ya kampuni, watoto wake hawakupita kwenye lile geti. Kampuni ilipoanguka miaka ya 90, hata waliokuwa ndani walibaki mikono mitupu. Afya ya mtoto isitegemee baba yake anafanya kazi wapi.

Vié wa Kamalondo
Usiseme Gécamines ilianguka yenyewe. Iliangushwa, na walioila tunawajua. Wewe hukuwepo. Mji huu wote ulisimama juu ya ile kampuni, hata shule uliyosoma.

Kijana wa Golf
Sikusema haikujenga. Nimesema haikuwa ya wote, na tunaongea juu ya chanjo ya WOTE. Halafu mnafikiri shida ni pesa tu? Machi 2021 tulipewa dozi milioni 1.7 za AstraZeneca bila kulipa, na karibu milioni 1.3 zikapelekwa nchi nyingine kwa sababu tusingeweza kuzitumia kabla hazijaharibika. Watu hawakuamini. Kwa nini waamini? Waziri wa zamani wa afya, Oly Ilunga, alihukumiwa miaka 5 mwaka 2020 juu ya pesa za Ebola.

Muuguzi wa Ruashi
Usichanganye Covid na chanjo za watoto. Kwa surua mama anakuja mwenyewe, asubuhi na mapema, anapanga foleni. Anayekosekana ni chanjo, si mama.

Mtoto wa Katuba
Jamani, turudi. Tuseme sheria haitoshi, nakubali ina shida. Basi tuanze na ile asilimia 15 ya wenyeji, iko karibu na sisi. Nataka ibandikwe ukutani kila miezi mitatu: imeingia kiasi gani, imetoka kiasi gani, na humo mafuta ya motopikipiki na kadi za watoto. Mpango wa Mashako wa 2018, ule wa kufufua chanjo za watoto, ulionyesha njia: kikao cha chanjo kikaguliwe, stoku ihesabiwe, mtu aulizwe. Tukaguane hivyohivyo upande wa pesa.

Mwanasheria wa Kampemba
Nani atasoma huo ukuta? Bado hujanijibu juu ya kifungu cha 175.

Muuguzi wa Ruashi
Ukaguzi upo tayari, hamuutumii. Kila aire ya afya, eneo linalohudumiwa na kituo, ina CODESA, kamati ya wakaaji wenyewe. Wana haki ya kuuliza dozi ngapi zimeingia na watoto wangapi wamechanjwa. Kwetu wanakuja watu wawili, watatu. Ninyi wa maneno mengi hapa, ni nani ameshakaa kwenye kikao cha CODESA? Mimi ningefurahi mniulize. Mkiona friji na daftari kwa macho yenu mtajua nani anakula.

Mama wa Kisanga
Muuguzi, ya kwetu mkubwa wa CODESA ni shemeji ya mukubwa wa santé, kituo cha afya. Mi nitaenda kumushitaki kwa nani?

Muuguzi wa Ruashi
Kwa daktari mkuu wa zone ya afya, Mama. Andika siku, andika walikuomba kiasi gani, mtoto alikuwa anangoja chanjo gani. Tafuta na mama wengine waliolipishwa, mweke majina pamoja, msiende mmoja mmoja. Kama hujui namna ya kuandika barua, nitumie ujumbe pembeni, tutaiandika pamoja.

Mama wa Kisanga
Tuko bingi. Nitakutumia leo mangaribi.